Kwa Nini Mja Mwema Hupatwa na Msiba?

Somo katika kisa cha Nabii Ayyub (A.S.)

Twamshukuru Mwenyezi Mungu katika neema, na twamshukuru katika dhiki, na twamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad:

Ndugu mmoja wa darsa yetu ametuuliza swali ambalo si jipya, wala halitakwisha kuulizwa maadamu watu wanazaliwa na kufa. Asema: Mtu mwema, asiyedhulumu, asiyeacha sala, mwenye mkono wazi kwa maskini, mbona hupatwa na msiba juu ya msiba, hali jirani yake mla riba analala usingizi wa raha? Ndugu huyu hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kwa sababu katika mtaa wetu limetokea jambo lililomwumiza, nasi twalijua, maana tulikuwa na mkono ndani yake. Tutalieleza huko mbele. Ni afadhali lituaibishe sisi kuliko msomaji kukosa faida yake.

Kwa ajili ya jawabu tumechagua kisa cha Nabii Ayyub. Mayahudi, Wakristo na Waislamu wote wanamtaja kwa heshima. Hapa pwani wazee wetu wamemtungia utenzi, na mama akitaka kumtuliza mwanawe humwambia awe na subira ya Ayyub. Katika Biblia yao wenzetu, kiko kitabu kizima chenye jina lake, chenye sura 42, na mwandishi wake hakutajwa humo. Tutakitazama kwanza kitabu hicho, kwa kuwa swali letu limechimbwa humo kwa kina, kisha tutayapima yaliyomo kwa Kitabu chetu.

1. Kisa kama kilivyo katika Biblia

Kitabu chasema kwamba Ayyub alikuwa mtu wa nchi ya Usi, mcha Mungu, mwenye kuepukana na uovu. Alikuwa na wana saba na binti watatu, kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe, na punda 500, na watumishi wengi. Shetani akadai mbele ya Mungu kwamba ucha Mungu wa mtu huyu ni wa kulipwa: akinyang'anywa alichopewa, na ibada yake itakoma. Basi ikaruhusiwa ajaribiwe.

Katika siku moja wakamjia wajumbe, mmoja hajamaliza maneno yake mwingine amekwisha fika. Ng'ombe na punda wamechukuliwa na wanyang'anyi, kondoo wameteketea kwa moto, ngamia wametekwa, na nyumba walimokuwa wanawe wakila imeangushwa na upepo, wamekufa wote kumi. Ayyub alirarua joho lake, akanyoa kichwa chake, akasujudu. Kisha mwili wake ukajaa majipu toka utosini hata nyayo, akawa anakaa majivuni akijikuna kwa kigae.

Msomaji na azingatie jambo hili. Kitabu kimetueleza tangu mwanzo kwamba mtu huyu hana kosa lililomletea haya. Sisi tusomao twajua. Ayyub hajui, na marafiki zake hawajui. Mafunzo yote ya kitabu yamesimama juu ya tofauti hiyo: kwamba sababu ipo, lakini aliye ndani ya msiba haioni, na aliyesimama kando yake haioni pia.

2. Marafiki watatu

Wakaja marafiki watatu kumpa pole: Elifazi, Bildadi na Sofari. Walipomwona kwa mbali hawakumtambua, wakalia. Wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Sisi twasema: hapo walitenda tendo jema kuliko yote waliyotenda katika kitabu kile. Lau wangaliondoka siku ya saba, wangalikumbukwa kwa wema mpaka leo.

Lakini walifungua vinywa vyao. Elifazi, aliyekuwa mpole wao, alianza kwa adabu: akamtaka akumbuke kama amepata kuona asiye na hatia akiangamia. Bildadi akawa mkali zaidi. Akampa baba aliyefiwa na watoto kumi kufahamu kuwa watoto wale wamekufa kwa makosa yao. Sofari akapita mpaka, akamwambia kwamba adhabu aliyoipata ni ndogo kuliko anayostahili. Ayyub akawakanusha, nao kila akikanusha huzidi kukaza, hata katika sura ya 22 Elifazi yule mpole akaanza kumtungia madhambi: eti alimnyima maji mwenye kiu, akamnyima chakula mwenye njaa, akawafukuza wajane mikono mitupu. Wala hakuwa na shahidi hata mmoja.

Itazame njia waliyoipita, ewe msomaji. Walianza na kanuni iliyo na sura ya dini: Mungu ni mwadilifu, humlipa mwema wema na mwovu uovu. Kanuni hiyo ni kweli. Kisha wakaigeuza juu chini, wakasema: Basi kila aliyepatwa na ubaya ni mwovu. Hapo ndipo walipopotea, maana kila mwizi huogopa askari, lakini si kila amwogopaye askari ni mwizi. Na walipoikuta hali ya rafiki yao haiingii katika kanuni yao, hawakuirekebisha kanuni. Walimharibia jina rafiki. Waliona ni heri Ayyub awe mwongo kuliko wao kusema: Hatujui.

3. Jawabu alilopewa

Mwisho wa kitabu Mwenyezi Mungu anasema na Ayyub. Mtu atazamiaye kusikia sababu ya msiba hataisikia. Hatajiwi madai ya Shetani, wala hafunuliwi siri ya watoto wake. Anaulizwa maswali: alikuwa wapi ilipowekwa misingi ya ardhi, ni nani aliyeiwekea bahari mipaka yake, ni nani amlishaye kunguru makinda yake yakilia. Yaani aliyeumba yote haya na kuyatunza, na wewe huna habari, ndiye aliyeishika hali yako, na hapo pia huna habari. Ayyub akanyenyekea, akakiri kwamba alikuwa akisema juu ya mambo yaliyo makubwa kuliko fahamu yake.

Kisha ikaja hukumu, na hukumu hiyo haikumwangukia mgonjwa. Iliwaangukia wale waliokuja kumhubiria. Mungu alimkasirikia Elifazi na wenzake wawili kwa sababu hawakusema yaliyo sawa juu Yake, wakaamrishwa watoe ng'ombe saba na kondoo dume saba, na wamwendee Ayyub awaombee. Akawaombea. Na kitabu chasema kwamba alipowaombea rafiki zake ndipo aliporudishiwa mali yake maradufu, akapata tena wana saba na binti watatu, akaishi baadaye miaka 140.

Watu wale watatu walidhani wanamtetea Mungu, kumbe wamemzulia. Hili ni jambo la kumtetemesha kila mwenye kukaa juu ya mimbari, na sisi tukiwa wa kwanza.

4. Mafunzo ya Isa (A.S.) kama yalivyo katika Injili yao

Maneno hayahaya yamo pia katika Injili za Wakristo. Katika ile ya Yohana, sura ya 9, Isa alipita na wanafunzi wake penye kipofu aliyezaliwa hana macho. Wakamwuliza ni nani aliyekosa, mtu huyo au wazee wake. Akawakatalia yote mawili. Na katika ile ya Luka, sura ya 13, alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa, akakanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawaonya watubie nafsi zao.

Msiba wa mwenzio usikufanye uhesabu dhambi zake, hesabu zako. Hilo ndilo funzo la mahali pote pawili, nasi hatuna la kulipinga.

5. Qurani yasemaje?

Katika Qurani, kisa cha Ayyub kimetajwa kwa ufupi katika Suratul Anbiyaa, aya ya 83 na 84, na katika Suratu Saad, aya ya 41 mpaka ya 44. Mjadala wa marafiki haumo, wala haimo laana aliyoilaani siku aliyozaliwa, kama ilivyo katika Biblia. Nasi itikadi yetu ni kwamba Mitume wamehifadhiwa. Kilichomo ni dua fupi: alimweleza Mola wake kwamba dhara imemgusa, akamtaja kwa rehema Zake, wala hakuongeza. Akaamrishwa apige mguu wake chini, yakatoka maji baridi ya kuogea na kunywa. Akarudishiwa watu wake, na mfano wao pamoja nao, na Mola wake akamsifu kuwa ni mwenye subira na mja mwema.

Hapa twataka kuondoa makosa mawili. La kwanza ni ile hadithi ya mabuu waliokuwa wakianguka katika mwili wake naye akiwaokota na kuwarudisha. Hayo hayamo katika Qurani wala hayakuthubutu kwa Mtume (S.A.W.), na haifai kumsimulia Mtume wa Mungu kwa sura ya kutia kinyaa. La pili ni kudhani kwamba subira ni kunyamaza tu, na kwamba aliaye amekosa. Ayyub alishtaki hali yake kwa Mola wake, na bado akaitwa mwenye subira. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na alishtaki huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu. Kumshtakia Mungu si sawa na kumshtaki Mungu.

Huenda mtu akatuambia: Nanyi mwaifanyaje aya ya 30 ya Suratu Shuraa, isemayo kwamba misiba inayotupata ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yetu, na kwamba Mungu husamehe mengi? Twajibu: Aya hiyo ni kweli, na ole wake asiyejitazama kwayo. Lakini wanavyuoni hawakuifahamu kuwa kila msiba ni adhabu. Mtoto mchanga huugua naye hana dhambi. Mitume wamepigwa, wamefukuzwa, wameugua. Na Saad bin Abi Waqqas alipomwuliza Mtume (S.A.W.) ni watu gani wenye mitihani mikubwa zaidi, aliwataja Mitume, kisha waliowakaribia kwa wema, kila mtu kwa kadiri ya dini yake. Basi msiba huweza kuwa ni onyo, huweza kuwa ni kafara ya dhambi, maana hata mwiba umchomao Muislamu humfutia makosa, na huweza kuwa ni ngazi ya kumpandisha daraja. Ni upi kati ya hayo? Kwa nafsi yako, chukua la kwanza ujirekebishe. Kwa mwenzio, mdhanie la mwisho. Anayefanya kinyume, akajiona yeye anapandishwa daraja na mwenzake anaadhibiwa, huyo ameshika aya kwa upande wa makali.

6. Mifano

Mtume wetu (S.A.W.) aliwazika watoto wake sita kati ya saba, Fatima peke yake ndiye aliyebaki nyuma yake, naye hakubaki ila miezi michache. Mwaka wa 10 Hijria, siku aliyokufa mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mauti yake. Baba yule, mwenye machozi machoni, hakuwaacha watu katika dhana hiyo, ingawa ilikuwa ya kumtukuza. Akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Ikiwa hakukubali mambo ya mbinguni yafasiriwe kwa utukufu wa mwanawe, sisi twapata wapi ruhusa ya kuyafasiri kwa aibu ya jirani zetu?

Mwaka wa 18 Hijria ulitokea ugonjwa wa tauni huko Sham, uitwao tauni ya Amwas. Akafa humo Abu Ubayda bin Jarrah, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Akafa Muadh bin Jabal, mwanachuoni wa masahaba. Ni nani atakayesema wamekufa kwa ubaya wao?

Na hapa petu Mombasa, asubuhi ya Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imepakia watu kupita kiasi chake, wakafa watu 272. Wengi wao walikuwa wakivuka kwenda kutafuta riziki. Je, hawa walikuwa waovu kuliko waliovuka jana yake wakafika salama? Twarudi pale pale penye mnara wa Siloamu. Mtume (S.A.W.) amewahesabu katika mashahidi muumini aliyekufa kwa tauni, na aliyekufa maji, na aliyeangukiwa na ukuta. Yaani vifo vilevile ambavyo wajinga huvitazama kwa jicho la tuhuma, yeye amevitazama kwa jicho la rehema.

Wala kusema hivyo si kufunika sababu. Chombo kikijazwa kuliko uwezo wake kitazama, apande mwema au mwovu. Hiyo ni kanuni ya Mungu katika maji. Aliyekijaza ana masuala ya kujibu, na asijifiche nyuma ya kadari. Omar bin Khattab alipowazuia watu aliokuwa nao wasiingie penye tauni, na Abu Ubayda akamwuliza kama anakimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba anaiacha kadari moja kwa kuiendea nyingine. Misiba mingi impatayo mtu mwema imechongwa na mikono ya watu wengine, na kuiita adhabu yake ni kumdhulumu mara ya pili.

7. Jambo la mtaani kwetu

Sasa twalisema tuliloahidi. Katika mtaa wetu yuko mzee mmoja, fundi wa kushona, mtu wa safu ya mbele katika sala ya alfajiri. Katika mwaka mmoja alifiwa na mwanawe baharini, na binti yake kwa homa. Watu walifanya kama kawaida yetu. Kundi moja likanong'ona kuwa amerogwa, likamshauri aende kwa mganga amwonyeshe mbaya wake. Sisi tulilikemea kundi hilo, na twaona tulikemea kwa haki, kwa kuwa kupiga bao ni haramu, na mwisho wake ni jirani asiye na kosa kuitwa mchawi.

Lakini sisi tulifanya nini? Tulimwendea siku ya tatu, tukakaa jamvini pake, na badala ya kukaa tukasema. Tulimwambia ajitazame, huenda ana haki ya mtu shingoni. Tulidhani twamnasihi. Yeye hakujibu. Tangu siku hiyo alisali nyuma karibu na mlango, na sala ikitoka alikuwa wa kwanza kuondoka, na darsani hakuja tena.

Ilipita miezi. Tulipokuwa tukiitayarisha darsa ya kisa hiki, tulifika penye Elifazi, tukamtambua: alikuwa sisi. Tulikwenda kwake usiku ule ule tukamtaka radhi. Akasema, "Sheikh, mauti niliyapokea, kwa kuwa aliyechukua ni mwenye mali. Maneno yenu ndiyo yaliyokuwa yakinikosesha usingizi, kwa kuwa kila usiku niliwatafutia wanangu dhambi nilizowaua nazo, na sikuziona." Kisha akatuombea dua, kama Ayyub alivyowaombea wenzake. Darsani bado hajarudi, nasi hatumlaumu.

8. Yatupasayo

Basi, ndugu zetu, tumeyakusanya ya kutenda katika mambo manne:

Kwanza, ukimwendea mwenye msiba, nenda ukakae. Mpe pole, mwombee maiti wake, mpelekee chakula, maana sunna ni majirani kumpikia mfiwa, si mfiwa kuwapikia majirani. Ukikosa la kusema, usiseme. Wale watatu walikuwa bora siku saba walizonyamaza.

Pili, usimtafutie dhambi, wala usimtafutie mchawi. Milango hii miwili yaonekana mbalimbali, mmoja una kilemba na mmoja una hirizi, lakini yote yatoka katika nyumba moja: kutokubali kusema kwamba hatujui.

Tatu, tafuta sababu iliyo wazi, uitengeneze. Mgonjwa apelekwe kwa tabibu, chombo kisijazwe, kisima kichafu kifunikwe. Ayyub aliomba, na alipoambiwa apige mguu wake chini, aliupiga.

Nne, msiba ukiwa ni wako, jihesabu, utubu, kisha usikate tamaa. Lia kama utakavyo, na umwambie Mola wako kila kitu. Usikubali mtu akuambie kwamba Mungu amekuchukia kwa kuwa tu umeumia.

Ndugu aliyeuliza huenda akasema kwamba hatukumpa sababu kwa nini fulani kapatwa na fulani kasalimika. Ni kweli hatukumpa, kwa kuwa Ayyub mwenyewe hakupewa. Alichopewa ni kujua kwamba Mola wake alikuwapo muda wote, na ameyasikia, na kwamba hakuwa upande wa waliomtuhumu. Hilo lilimtosha Nabii, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu litutoshe, na atusamehe maneno tuliyowaambia waja Wake siku walizohitaji kimya chetu.

Wallahu aalam.